Miwani ya VR au Monita: Mke Wangu Yuko Kwao Anasubiri Jibu

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe. Huku Iramba wakwe zangu wana wajukuu wenye bando, na ukurasa huu wanausoma kila siku kabla hata ya kunawa uso.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina mke na binti mmoja, naishi si mbali sana na Kiomboi. Nilikuwa dereva wa lori la vitunguu. Lori likalala mteremkoni. Vitunguu vilipona karibu vyote. Mimi kuanzia kiunoni kushuka chini sikupona. Natumia kiti cha magurudumu, na kwa njia za mtaani kwetu hiyo maana yake ni kwamba nakaa ndani. Mwanzoni watu walikuja, wakanipa pole, wakaniangalia miguu, wakaondoka. Siku hizi wanaokuja bila kukosa ni kuku.

Mdogo wangu anayefanya kazi Dar ndiye aliyeniletea kompyuta yake ya zamani yenye gemu la kurusha ndege. Si gemu la kupigana risasi. Unawasha injini kwa hatua zake, unapima upepo, ukikosea unaanguka. Nilijifunza mwenyewe kwa video. Seremala akanichongea mkono wa mbao wenye kichwa cha mviringo, wa kuongezea na kupunguza moto wa injini, nikaufunga kushoto kwa meza. Mke wangu alikuwa anakuja na ungo wake wa karanga, anakaa pembeni anachambua.

"Baba Neema, leo unatupeleka wapi?"

"Mwanza."

"Basi pitia Kinampanda, nione kama mama ameshavuna alizeti."

Tunacheka. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yetu, kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni.

Krismasi mdogo wangu akaja na ile miwani ya VR, dude la kufunga kichwani linaloziba macho yote, akaniazima mpaka atakaporudi kulichukua. Ambao hamjavaa sijui niwaeleze vipi. Kwenye kioo unaitazama ndege ukiwa dirishani. Ndani ya miwani umo. Unageuza shingo unaliona bawa, unainama unaliona ziwa Kitangiri. Ukitua, macho yenyewe yanakuambia ardhi imefika. Sisemi haina kasoro: namba ndogo za kwenye dashibodi zina ukungu, uso unatoka jasho, na siku za mwanzo nilitapika kwenye ndoo. Lakini jamani, rubani hatembei! Marubani wote duniani wanafanya kazi wamekaa kama mimi. Nikivaa miwani nikatazama chini naona magoti ya rubani, mazima. Nikitumia kioo, chini ya meza naona ya kwangu.

Sasa sikilizeni balaa. Kwetu mama mkwe hashikwi hata mkono. Mkikutana njiani mnapishana kwa heshima, unamsalimia kwa mbali huku umeinamisha uso. Siku hiyo mama mkwe alikuja kutuletea mlenda mkavu, mvua ikamkuta mlangoni. Akapiga hodi, mimi masikio yamezibwa na ngurumo ya injini. Akaingia, akainama kuweka kikapu karibu na meza. Mimi nilikuwa natua. Nikapeleka mkono kushoto kupunguza moto, nikashika kitu cha mviringo, nikakivuta mpaka mwisho. Kilikuwa kichwa chake. Kitambaa kikabaki mkononi mwangu. Na kwa kuwa ndege haikupunguza mwendo, nikamvuta mara ya pili.

Nilipovua miwani, mkwe alikuwa uani, kichwa wazi, kwenye mvua. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake akamchukua Neema akaenda kwao.

Nilimtuma mshenga na kondoo, nikaomba radhi. Wazee wakapokea. Nikajua yameisha. Nikampigia mke wangu arudi.

"Mama ameshakusamehe," akasema. "Kondoo mwenyewe ameshaliwa. Siyo habari ya mama."

"Sasa ni nini?"

"Siku lori lilipolala nilipigiwa simu, wakasema umekufa. Nimekulilia njia nzima mpaka hospitali, nafika nakuta unapumua. Sasa ukivaa lile dude, nakaa pembeni yako nakuita, huitiki, mdomo wazi, macho hayapo. Namwona yule maiti niliyeambiwa. Shemeji ameniambia atakununulia miwani au monita, kile kioo kikubwa cha mezani. Ukiweka monita nitakaa na wewe mpaka tuzeeke, hata unipeleke Ulaya kila jioni. Ukinunua miwani, kaa nayo, ikupikie."

Akakata simu.

Kabla ya simu hiyo mdogo wangu alishapita kuchukua miwani yake. Akaniambia, "Kaka, nitakununulia kimoja kiwe chako. Miwani kama hii au monita kubwa, vyote siwezi." Kesho anaingia dukani, na anataka neno langu.

Mtaniambia chagua mke, mjinga wewe. Hata mimi ningemwambia mwenzangu hivyo. Lakini tangu miwani iondoke nimerudi kwenye kioo, narusha ndege kidogo, macho yanateleza chini ya meza, nazima. Nyumba iko kimya. Nimeanza kuwaza mambo ambayo baba mwenye mtoto hatakiwi kuyawaza. Naogopa monita itamrudisha mke wangu, aje akute nimebaki hivi. Na miwani naogopa itaniweka hai kwenye nyumba isiyo na mtu.

Habari ya magoti sijawahi kumwambia. Yeye anadhani napenda ndege.

Wanawake mlioolewa, hasa nyie: mume akikwambia maneno kama hayo, unamwelewa au unamhurumia? Maana huruma nimeshashiba. Nimpigie leo nimwambie, au nifunge mdomo niseme monita? Kabla hamjanijibu, kaeni kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jua lizame, msinyanyuke hata kwenda chooni. Halafu mniambie mdogo wangu anunue nini.