Landkruza ya Wilbard

Ukitaka kugombana na Wilbard wa Endagikot, mwambie Landkruza yake kuukuu inakunywa mafuta. Atakuwakia kwamba hata maksai hula, na hakuna anayewanunia. Silinda sita, husema, hazipigi kelele. Zinanguruma taratibu, na kwenye tope zinavuta kama vile hakuna kazi yoyote.

Aliyemsema zaidi ni Gaudensia, mkewe. "Uza hilo zee, baba Philemon! Tununue gari kama la wenzetu." Lakini kila jioni, akisikia mngurumo unapanda mlima, ndipo hubandika maji ya ugali, na Wilbard hufika chakula kikiwa cha moto.

Juzi Landkruza ilikuwa gereji. Wilbard akaazima gari jipya la shemeji yake, silinda nne, likaingia uani kimya kimya. Jikoni hapakuwa na moto. Nyuma ya nyumba akamsikia Gaudensia, anachambua maharage na jirani yao Fransiska, akitamba: "Vigari vyenu hivyo mvua ikinyesha mnavisukuma. Letu ni silinda sita, mama! Nikilisikia tu linapanda, najua mume wangu amefika salama."

Wilbard akanyata kurudi garini, akapiga honi. Gaudensia akatokea mbio, akaliona lile gari, akasimama.

"Umeliuza?"

"Si ulisema niliuze?" Wilbard akamjibu, kicheko kikimbana.

"Basi lala na njaa. Maji ya ugali nitabandika siku nitakayolisikia limerudi."