Mwalimu wa Viroba vya Mchanga

Nilikuwa nimeshika chapati ya tatu simu ilipoita. Aliyepiga ni jirani wa mtaa wa juu hapa Tunduma, mtu asiyejua kuzunguka maneno. "Mwalimu wako wa mazoezi katutoka alfajiri hii. Msiba upo kwake, maziko kijijini kwao Iyula." Nikairudisha chapati kwenye sahani. Wanaonisoma kila wiki watakumbuka nilivyowahi kulalamika juu ya mtu anayepuliza filimbi nyuma ya dirisha langu wakati hata jogoo bado wanajinyoosha. Ndiye huyo. Alikuwa mkufunzi wa michezo katika chuo kilichopakana na ukuta wangu, na kwa miaka mingi nilimwombea uhamisho, tena kwa dhati. Sasa filimbi imenyamaza, ningeweza kulala nitakavyo, na silali. Nimeumia, wasomaji wangu, na ninaona haya kuumia kwa ajili ya filimbi.

Alikuwa mfupi, mkavu, na sweta lake la kijani halikujua kupumzika. Ugomvi wake na dunia ulikuwa mmoja tu: chuo kinaharibu miili ya vijana. "Jirani," aliniambia siku moja akiwa ameegemea ukuta wetu, "mtoto anatoka Kamsamba, kwao anatembea na ng'ombe kutwa kwenye jua lile, mguu kama mti. Analetwa hapa tumpe elimu. Muhula haujaisha, anaita bodaboda imtoe getini impeleke bwaloni!" Nikamwambia anatia chumvi. Akanishika mkono, akanipeleka getini, na kweli tukamkuta kijana amepanda bodaboda, sahani mapajani, anapelekwa kula. Basi mwalimu akaamua kuwajenga upya. Vifaa hakuwa navyo, ila mji wetu una kitu kimoja kisichoisha, malori, na malori huacha matairi. Akaokota matairi chakavu vijana wayapindue, akaomba kamba za kufungia turubai wavutane nazo, na akajaza mchanga kwenye viroba vya unga ili wakimbie navyo begani. Alisema kifua na mapaja havijengwi na daftari. Na filimbi yake ilikuwa na maana moja tu: ongeza.

Hivyo viroba ndivyo vilivyomponza. Msomaji wa mbali na huku nimweleze kidogo. Tunduma na Zambia tunatenganishwa na uchochoro, na wapo watu ambao wakikaa kibarazani mguu mmoja uko huku na mwingine uko ng'ambo. Mtu anayekimbia alfajiri kwenye njia za nyuma ya nyumba, kiroba begani, haulizwi anafanya nini. Kila mtu anajua: magendo. Isipokuwa mwalimu wangu, ambaye kichwani mwake hamkuwa na mpaka, mlikuwa na mapafu tu. Akawatoa vijana kundi zima kupitia njia hizo hizo. Askari wa doria walipoona msafara ule wakapuliza filimbi, maana yake simama. Vijana waliposikia filimbi wakafanya walichofundishwa. Wakaongeza! Askari wakazidi kupuliza, vijana wakazidi kuongeza, wakajikuta wako Nakonde, upande wa Zambia, mbele ya mama anayekaanga vitumbua, naye akawasalimu kwa Kibemba, kwa utulivu, "Mwashibukeni," kama vile kila siku hupokea darasa zima likihema.

Waliodakwa nyuma waliketishwa chini, kiroba kimoja kikapasuliwa. Mchanga. Kikapasuliwa kingine. Mchanga. Nilikuwepo kwa sababu kelele zilinitoa kitandani, na mahojiano yale nitayakumbuka mpaka na mimi nibebwe.

"Huu mchanga mnampelekea nani?"

"Hatumpelekei mtu, afande. Tunazunguka nao, halafu tunaurudisha."

"Mnaurudisha wapi?"

"Pale pale tulipouchota."

Afande akavua kofia. "Na mnalipwa?"

"Hapana, afande. Sisi ndio tunalipa ada."

Hapo mwalimu akawasili. Mtu mwingine angeanza na samahani. Yeye aliwapita askari, akamsimamia kijana mmoja mnene na kumfokea, "Yaani wewe umekamatwa hapa kwenye mgomba wa kwanza? Hata kona hujafika?" Kisha akamgeukia afande na kumwomba, kwa adabu zote, kama inawezekana wawakimbize tena wiki ijayo, maana hajawahi kuwaona vijana wake wakijituma vile.

Afande alicheka, akawaachia. Mkuu wa chuo hakucheka. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye, ila anapenda kitu kinachoingiza. Kipindi cha mazoezi kikafutwa kwenye ratiba. Baada ya muda tukasikia kwamba uwanja wenyewe, ule unaotazamana na barabara, utageuzwa maegesho ya malori, kwa kuwa foleni ya mpakani haina dogo na wenye malori wanatafuta pa kulaza magari. Mwalimu alipoipata habari hiyo alikuja ukutani, na safari hii hakuegemea. "Kipindi wachukue," akasema. "Lakini uwanja? Jirani, uwanja ukienda haurudi. Watoto watafanyia wapi, juu ya boneti?" Akafanikiwa kupata ahadi moja kwa mkuu: kama uwanja utaonekana una watu asubuhi, kwa hiari yao, mpaka muhula uishe, mambo ya maegesho yatajadiliwa upya.

Kwa hiari! Muulizeni mwanachuo wa leo kama ana hiari ya kuamka kwenye baridi yetu hii. Siku ya kwanza alikuja binti mmoja tu, mtoto wa Kamsamba huyo huyo niliyemtaja, maana yule wa bodaboda na sahani alikuwa yeye. Alikuja kwa aibu, kwa sababu alikuwa akipanda ngazi za darasani anatweta kuliko bibi yake. Mtu mmoja hajazi uwanja. Mwalimu akatazama huku na huku, akaniona dirishani na kikombe changu. Thubutu, nikasema moyoni. Kesho yake nilikuwa nachuchumaa na kuinuka nyuma ya binti wa watu, magoti yanalia, kitambi kinatangulia kila ninapoinama. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni walikuja kunicheka, wakachoka kucheka, wakajiunga, kwa kuwa kukaa kwenye usukani kunavimbisha miguu. Vijana mabwenini walipoona wazee wanawazidi, wivu ukawaamsha. Uwanja ukaanza kujaa, na mwalimu akaanza tena kutugombeza wote bila ubaguzi. Sijawahi kumwona na furaha namna ile. Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni alipougua, akalazwa, akaondoka.

Msibani kuna bwana mmoja alisema kwa sauti, huku akimega ugali, "Mazoezi yote yale, na bado kafa." Watu wakaguna, wengine wakacheka kidogo. Mjane alikuwa anapita na beseni la maji. Akasimama. "Shemeji," akasema, "kaka zake wote walikwenda na sukari kabla hawajaota mvi. Huyu kaniachia wajukuu, na alikuwa anawabeba mgongoni. Kula ugali wako." Bwana akala ugali wake. Mimi nikafikiri juu yetu sote, tunaoita gari kwenda duka lililo ng'ambo ya barabara, halafu tunawashangaa watu wanaotoka jasho kana kwamba ndio wagonjwa. Wazee wetu Mbozi hawakuwa na neno mazoezi kwa sababu walikuwa na jembe, na kisima kilikuwa mbali. Sisi tumesogeza kila kitu karibu, tukasahau kuwa mwili haujaambiwa.

Iyula mvua ilituvunjia heshima. Gari la mwili lilizama matope chini ya kilima, katikati ya kahawa, likagoma. Vijana hawakuulizana. Wakalitwaa jeneza, likapanda kilima kwa kupokezana mabega jinsi walivyopokezana viroba, kasi ile ile, mchungaji nyuma akiita, "Vijana, taratibu! Mbingu hazifungwi!" Mkuu wa chuo alipoteza kiatu matopeni, na aliyemvuta mkono mpaka juu ni yule binti. Nililia, na nilicheka, na nilifika juu kwa miguu yangu mwenyewe. Kaburini mkuu akatoa hotuba nzuri. Akatangaza kwamba kumbukumbu ya marehemu haitapotea, kwa kuwa maegesho mapya yatapewa jina lake. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha makofi yakafa moja moja.

Siku iliyofuata, jua halijatoka, nilisikia mngurumo nyuma ya dirisha langu. Greda. Nikatoka na kandambili. Uwanjani walikuwa wamejipanga safu kwa safu, baridi inawatoa moshi mdomoni, na mbele yao binti wa Kamsamba akihesabu kwa sauti ya kukwaruza. Dereva wa greda akasubiri kiungwana, akaona hawana dalili ya kuondoka, akazima injini. "Dada, mnamaliza saa ngapi?"

"Hatumalizi," akasema binti, na akawaambia washuke chini waanze upya.

Dereva akaondoka na greda lake, akisema atarudi Jumatatu na mkubwa wake. Nimejifunza nini? Kwamba marehemu hahitaji bango wala jina getini. Anahitaji watu wa kusimama pale alipokuwa anasimama, wakiwa wamevaa raba. Kwa hiyo wasomaji wangu wa Tunduma, mkiniona njiani msinipe pole. Jumatatu alfajiri njooni uwanjani, na vitambi vyenu, maana kwa kweli bado hatujatosha.