Picha ya Bibi Kwenye Ukuta wa Mtu

Nilikuwa namsuka mteja pale saluni kwangu mtaani Buyenzi aliponionyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa ametoka kupumzika na mumewe katika mji mdogo wa milimani, ule ambao Wabelgiji waliujenga ili wakimbie joto la Bujumbura. Nyumba ya bwana mkubwa wao sasa ni nyumba ya wageni. Mteja wangu alikuwa amekaa mezani anacheka, na nyuma yake, ukutani, alikuwepo bibi yangu.

Mikono ilisimama kichwani mwa mtu. Bibi pale ni msichana mwenye kitambaa cheupe, amesimama kwenye ngazi, ameshika mkono wa mtoto wa kizungu. Picha ile ilikuwa moja tu duniani. Nilimwazima rafiki yangu, tuliyekua naye ua mmoja tukila sahani moja, kwa sababu alisema anajua fundi wa kuisafisha. Baadaye aliolewa, akahamia huko mlimani na mumewe. Akaniambia picha imepotea wakati wa kuhama. Nililia, naye akalia pamoja nami.

Bibi alikuwa yaya katika nyumba ile. Asubuhi moja madamu alikuta hodhi la kuogea limelowa, na nywele nyeusi zimeganda pembeni. Akasema mwanamke mweusi ameoga mahali pa watoto wake. Bibi aliapa, hakusikilizwa. Aliyeoga alikuwa mbwa. Bwana mwenyewe ndiye aliyemwogesha, kisha akaogopa kusema mbele ya mkewe. Mpishi alikuja kumsimulia bibi baadaye. Wakati huo bibi alikuwa ameshafukuzwa, ameteremka kwa miguu mpaka ziwani. Hakuupanda tena mlima ule hadi tulipomzika.

Basi nikaazima sakado ya mpwa wangu, lile begi la mgongoni, nikavaa viatu vya mazoezi, nikafunga saluni. Mafuta yalikuwa adimu mjini, nikangoja tangu alfajiri mpaka ikapatikana teksi ya kupanda. Wabeba ndizi walikuwa wakiteremka na baiskeli zao kama mawe yaliyoachiwa. Mimi nilipanda polepole, njia nzima natunga matusi.

Rafiki yangu mwenyewe, sasa mama wa nyumba ile ya wageni, ndiye aliyefungua mlango.

“Dada! Ni we? Mbona hukupiga simu?”

“Nimekuja kama mugeni. Nipe chumba.”

“Na iyo sakado mugongoni, kama muzungu?”

“Siku mbili tu. Nataka baridi.”

Alicheka, lakini macho yake yalikimbilia ukutani kabla ya yangu. Nilipita mbele ya picha bila kusimama. Chini yake palikuwa na kadi: “Bibi yetu, mtoto wa nyumba hii.” Nilichukua ufunguo wa chumba. Chuki ni kama maharage, haitaki moto wa haraka.

Alasiri aliwatembeza wageni: vijana watatu wa Kibelgiji wenye mabegi yao ya safari, na mume na mke waliotoka Mutanga Nord, mtaa wa matajiri wa Bujumbura. Nilifuata nyuma. Alipofika kwenye picha akaweka mkono kifuani, akasimulia kwa Kifaransa kizuri jinsi bibi yake alivyopendwa hapa kama binti wa kuzaa, na jinsi alivyozimia kwa kilio siku wazungu walipoondoka. Msichana mmoja alifuta machozi. Yale matusi yangu ya njiani niliyaona madogo, hayatoshi.

Hodhi lilikuwepo bado. Jioni nilijifungia humo, nikalijaza mpaka ukingoni, nikazama hadi shingoni. Nilisugua kila kidole cha mguu kwa niaba ya bibi. Maji yalipopoa nikayamwaga, nikajaza tena. Walipogonga mlango sikujibu. Tangi la maji ya moto lilikuwa moja, na ukungu ulikuwa umeshuka. Niliwasikia wageni wakipiga yowe mmoja baada ya mwingine chini ya maji ya baridi. Sijawahi kuoga vizuri namna ile.

Asubuhi, wote wakiwa mezani na mkate wao, nilipanda juu ya kiti nikaitoa picha msumarini.

“We! Rudisha iyo!” rafiki yangu alisema kutoka mlangoni, birika mkononi.

“Huyu ni bibi ya nani?”

“Dada, tafadhali. Twende tuzungumze jikoni.”

“Mi siendi jikoni. Bibi alishatumika kwenye nyumba hii, inatosha.”

Nikawageukia wageni. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini habari ya mbwa na hodhi haihitaji sarufi. Nilipomaliza, yule msichana wa machozi alikuwa ameinamia sahani yake. Mke wa Mutanga Nord alikuwa ananitazama mimi, kisha akamtazama mwenye nyumba, akaisukuma chai yake mbali.

Rafiki yangu hakukana. Aliweka birika chini, akasema kwa sauti ndogo, “Watu wanapenda habari nzuri. Iyo ya mbwa, nani atapanda mlima kuja kuisikia?”

Niliipachika picha kwapani. Nilikwenda kufunga sakado, nikateremka siku hiyo hiyo.

Nyumbani mama aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama sana, kisha akauliza, “Ameomba musamaha?”

“Apana.”

“Basi usimusalimie.”

Idi iliyofuata mama wa rafiki yangu, ambaye bado anakaa ua ule ule, alituletea sahani ya pilau. Alisema binti yake amekonda kwa aibu, na sisi ni kama watu wa damu moja, yaishe. Nilimkaribisha, nikampa kiti na chai. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka ndimu mbili. Pilau ilikuwa tamu, tuliimaliza. Nikaiosha sahani, nikaikausha vizuri kwa kitambaa, nikamrudishia hivyo hivyo, haina kitu.