Ugali Ndani ya Kinanda cha Walowezi

Niliziba kinanda cha kanisa kwa ugali. Haya, nimesema. Ugali wa jana, mgumu, ule unaoweza kujenga nyumba mtaani Ngoingwa bila simiti.

Kinanda chenyewe kilikuwa kizee cha mabomba, kimesimama kando ya madhabahu ya kanisa letu hapa Thika kama kabati la mfalme. Kililetwa na walowezi wa kahawa na mkonge, watu waliopenda Mungu awasikie wao kwanza. Uhuru ulipokuja wakabeba mbwa, farasi na vijiko. Kinanda kikawashinda mlangoni. Mashamba yakaenda kwa wakubwa, sisi tukaachiwa mabomba.

Mpigaji alikuwa mama yangu. Alifundishwa akiwa msichana na bibi mmoja mzungu, aliyemchapa vidole kwa upendo wa Kikristo. Mimi ndiye niliyekuwa stima yake. Nilikaa nyuma nikipampu ule mfuko mkubwa wa ngozi unaosukuma upepo kwenye mabomba, na nikisinzia, mama alipiga ubao teke: du! Maana yake, "Pampu, ng'ombe wewe," kwa lugha takatifu. Nilikipenda hicho kizee, usiniulize kwa nini. Bomba nene likinguruma, hata meno ya bandia ya wazee yalisali.

Basi wazee wa kanisa wakataka kinanda cha umeme, hali stima inakatwa kila kukicha. Kingepigwa na kijana wa mwenyekiti wao, bingwa wa nyimbo mbili. Mgeni kutoka Ruiru, mjuzi wa muziki wa kanisa, angekuja Jumapili, asikilize, aamue. Kizee kikilia vizuri, mama anabaki kwenye kiti chake. Kikishindwa, anarudi kwenye mabenchi na sisi wenye dhambi.

Ijumaa nikaona mfuko umetoboka. Ngozi ya kiraka hakuna, fundi hakuna, akili pia hakuna. Nikapaka ugali, ukakauka, nikajipigia makofi. Nilichosahau ni kwamba panya wa kanisa hawafungi saumu. Walikula ugali, wakashushia na ngozi.

Jumapili, wimbo wa kwanza, kinanda kikalia kama ng'ombe anayezaa. Du! Du! Tundu lilikuwa kama sahani. Nikafanya lililobaki: nikalikalia, huku nikivuta mpini wa kupampu kwa mikono. Ajabu, sauti ikarudi. Waumini wakainuka, mgeni akafumba macho.

Kisha akataka kuona mashine yenyewe. Wimbo ukiendelea, mwenyekiti akamfungulia mlango mdogo wa nyuma.

"Wewe! Umekalia nini hapo?" mwenyekiti akaniuliza.

"Upepo, mzee."

"Inuka!"

"Nikiinuka, mzee, ibada imeisha."

"Inuka, nimesema!"

Nikainuka. Kinanda kikatoa pumzi moja ndefu, chafu, mbele ya Mungu na akina mama wote wa ushirika, kikanyamaza. Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kufuta machozi, akasema kwa upole kwamba kijana wa mwenyekiti aanze Jumapili ijayo.

Mama alifunika vibao vya kinanda kwa leso yake, akachukua mkoba. Tulipofika getini kwetu, akageuka, akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, akasema:

"Wenzangu wanafutwa kazi na serikali. Mimi nimefutwa na makalio ya mtoto niliyemzaa mwenyewe."