Shati la Mabega Mapana

"Hivi wewe, shoga yangu, umependa au umezuzuka?" Jirani yake, msusi, alimuuliza hivyo siku moja, na fundi cherehani hakumjibu, maana mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Ndivyo alivyokuwa siku zote: pini mdomoni, futi ya kupimia shingoni, kidole gumba kikilainisha mshono kabla hajakata uzi. Mikono yake haikuwahi kukosea kipimo cha mtu. Lakini tangu yule mteja mpole alete kitambaa cha shati, chai yake ilipoa mezani, na kila hodi ilimshtua moyo. Vipimo vilikuwa daftarini, ila siku ya kukata hakulifungua. Alikata kwa kumkumbuka tu, na kumbukumbu ikampa mtu yule mabega ya mbeba magunia.

Mteja alipolivaa, mabega ya shati yaliteremka karibu na viwiko, mikono ikameza vidole. "Dada, hili langu kweli?"

"Labda la kaka yako mkubwa!" msusi alidakia kutoka mlangoni.

Fundi akamtazama yule mtu vizuri kwa mara ya kwanza: mfupi, mwembamba, mstaarabu, mtu kama watu. Kilichomkaba kifuani wiki tatu kikamwachia. Akatema pini kiganjani, akacheka mpaka machozi, huku akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba kilichoharibika ni kitambaa tu.

"Shoga," alimwambia msusi, "lile swali lako, jibu ni la pili." Kisha akavuta futi shingoni, akamgeukia mteja.

"Samahani, kaka yangu. Simama wima, nikupime upya."