Nilipopewa Maiki Landover

Nisidanganye: nilimtaka yule mwanamume. Watu wakisikia mtu ameokoka hudhani damu yake imegeuka maji. Wapi! Mimi niliokoka nikiwa kidato cha tatu, nikaja Marekani na wokovu wangu mzima mzima, nikafika mji wa Hyattsville, na bado sauti ya mtu mmoja kwenye simu ilitosha kunisahaulisha nilichokuwa nimeweka jikoni. Niliunguza sufuria mbili mwezi ule.

Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa kompyuta, anakaa Fairfax, mji wa jirani. Alijua kuchekesha, jamani, nilikuwa nacheka hadi nashika mbavu. Na mimi wakati ule kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee, shifti mbili kwa siku, na mwaka wa pili ulikuwa unaisha bila mtu kuniuliza nimeshindaje. Yeye aliniuliza. Kila jioni alipiga simu akaniuliza, akangoja jibu.

Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa na mke Nakuru. Hakunificha. "Hatuelewani siku hizi," aliniambia, "tumebaki kama ndugu tu." Halafu mwezi wa saba ulipoingia akaniomba nihamie kwake. Si kuolewa, kuhamia. Wengi walikuwa wakifanya hivyo, mke nyumbani na mke huku, na hakuna aliyeuliza swali. Lakini mimi nilijijua. Nikiingia ile nyumba ya Fairfax, siwezi tena kupiga magoti nikasema na Mungu macho kwa macho. Nilipaswa kuchagua, na nilikuwa nimeanza kupanga nguo kwenye sanduku.

Nilipanda ghorofani kwa mama mmoja Mkongo, jirani yetu. Kila Jumatano ushirika wetu wa waliookoka ulikutana sebuleni kwake kuomba na kutoa ushuhuda. Nilimkuta anasonga ugali. Nikamwambia habari yote, nikamwomba aniombee nijue mapenzi ya Mungu.

"Bibi yake iko hai?" akauliza bila kugeuka.

"Mkewe yuko hai, mama."

"Basi weye hautafuti maombi. Unatafuta ruhusa. Na miye, maman, siko na ruhusa ya kukupa."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira! Ati nani alimwomba mahubiri? Jumatano iliyofuata sikwenda. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linasikia simu ya Fairfax peke yake.

Basi Jumamosi ikafika, na Wakenya walikuwa na pikiniki kwenye bustani moja huko Landover. Mbuzi, kachumbari, muziki, watoto wanakimbizana wakipiga kelele kwa Kiingereza. Sasa, aliyewahi kuhudhuria mkutano wa Wakenya anajua kwamba hauishi bila watu kujitambulisha. Nyama ikishashuka, maiki inazungushwa, kila mtu anasimama: jina lako, kwenu wapi, na umekuja na nani. Hakuna anayeachwa. Ndani ya gari tukienda, yule mwanamume alinishika mkono akaniambia, "Zamu yako ikifika, sema umekuja na mimi. Hapo mambo yatakuwa yameisha."

Na kweli yangekuwa yameisha. Jambo likishatangazwa kwenye maiki mbele ya Wakenya, Jumatatu limefika Nairobi. Nami nilitaka! Njia nzima nilifanya mazoezi kimoyomoyo: nimekuja na huyu hapa, halafu nitabasamu.

Maiki ikaja inazunguka. MC, kijana mmoja mwenye mdomo kama redio, akaniona. "Na huyu mrembo, huyu supuu je, ni wa nani?" Watu wakapiga mbinja. Yule mwanamume akavuta shati lake likae vizuri. Nikasimama.

Kuna jambo sikuwa nimelifikiria. Tangu kidato cha tatu sikuwahi kushika maiki ila kwa ushuhuda. Mkono wangu haukujua kazi nyingine ya kile kitu. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, na kwa sauti yangu yote ya kwaya nikasema:

"Bwana asifiwe!"

Loo! Na uwanja mzima, watu wameshika chupa za bia, watu wana mifupa ya mbuzi mdomoni, wakajibu kwa pamoja: "Amen!"

Nawaambia, hakuna aliyepanga. Sisi sote tulilelewa hivyo, ukisikia salamu ile unajibu hata ukiwa usingizini. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alificha chupa nyuma ya mgongo. Halafu kicheko kikalipuka, MC akawa anapiga magoti: "Pasta, endelea! Sadaka iko njiani!"

Yule mwanamume naye alicheka. Lakini alinivuta nguo kidogo. "Maliza sasa. Sema umekuja na nani."

Ningeweza kucheka na wengine, nikasema nilichotumwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ila kila mtu wa ushirika anajua kinachofuata baada ya salamu ile: unataja jina, unasema nimeokoka, nampenda Yesu. Maneno hayo yalikuwa yamefika ulimini yananingoja. Nikaona siwezi kuyasema halafu niseme nimekuja na huyu. Moja kati ya hayo mawili lingekuwa uongo, na nikashangaa kugundua lipi sikuwa tayari liwe uongo.

Nikataja jina langu. "Nimeokoka," nikasema, na hapo hakuna aliyenisukuma. "Nampenda Yesu. Hapa nimeletwa na gari la mtu, na nitarudi na basi."

Mwanamke mmoja kwenye moshi wa nyama akapiga kigelegele kifupi, akanyamaza. Nikampa aliyekaa karibu nami maiki nikaondoka.

Yule mwanamume alinifuata hadi kwenye magari. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ni mazoea tu ya kanisani," akasema, "yalikuponyoka. Nitawaambia yalikuponyoka. Panda gari twende nyumbani." Alisema nyumbani, na haki ya Mungu, mkono wangu ulienda kwenye mlango wa gari.

"Salamu ilinitoka yenyewe, hiyo ni kweli," nikamwambia. "Lakini hili nalisema mimi. Sitakuja Fairfax, wala usinipigie tena jioni. Hiyo saa mpigie mkeo."

Akarudi kwa watu wake. Mimi nikatembea hadi barabarani, jua linachoma, nimejaa furaha ambayo sijui niiseme vipi, Aleluya, nilitaka kumkumbatia kila mtu aliyepita! Nilipanda basi nikakaa kiti cha mbele, ninalia kwa sauti na kucheka papo hapo. Dereva aliniangalia kwenye kioo, mwisho akauliza kama aniitie ambulansi. Nikamwambia hapana, baba, nashuka Hyattsville, na nina Jumatano ya ushuhuda nataka kuiwahi.