Makofi kwa Mfumu

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu karibu na Runzewe, na kila Jumapili aliwakemea waumini wanaokwenda kwa waganga. Ng'ombe wake mwenyewe alipopotea, alipita njia ya mashambani hadi kwa mfumu, mpiga ramli anayesoma matumbo ya kuku, nami nyuma yake nimebeba kifaranga kwenye kapu. Aliniambia tunakwenda kumsalimu mzee.

Huko ndiko nilikoupata ugonjwa wangu. Desturi ilikuwa hivi: mfumu akisema neno, wenye shida hupiga makofi ya kuitikia. Wenzangu waliyakodolea macho matumbo ya kuku. Mimi nilimtazama mfumu, na yeye alitazama mikono yetu. Akisema "mtoni", makofi yanalegea. Akisema "jirani", baba anapiga kama yuko ngomani. Basi jirani akawa mwizi. Ng'ombe alirudi mwenyewe kesho yake, na jirani hakuombwa radhi.

Nilipofika kidato cha tano, mwalimu mmoja aliniazima kitabu cha saikolojia kisicho na jalada. Kumbe chuo kikuu wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kuchunguza mambo kama yale! Nilifurahi hadi nikasahau kwenda kula. Tangu hapo sikutaka kusoma kitu kingine.

Nafasi ya chuo, huko pwani, nilikuja kuipata. Ruhusa ya baba ndiyo sikuwa nayo. Nyumbani habari yangu ilipokelewa kama ya msiba.

"Kusomea akili za watu?" mama aliuliza. "Mwanangu, kama kichwa kinakusumbua, si useme tukupeleke hospitali ya Kolandoto?"

Shangazi zangu walijua zaidi: mizimu ya bibi imenipanda, inataka niwe mfumu. Dalili zote zilikuwa wazi. Nakodolea watu macho, nauliza maswali, na sina haraka ya kuolewa. Baba alisema huo ni upuuzi wa kipagani, na ili kuuthibitisha upuuzi huo akatafuta kifaranga.

Tukarudi kwa mfumu yule yule, safari hii pamoja na mama na shangazi zangu. Nilimtemea kifaranga mate mdomoni, kama ilivyo desturi, ili abebe shida yangu. Mfumu akampasua, akainama.

"Namwona kwenye treni," akasema. "Anaelekea pwani."

Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Mama akafuata, na shangazi pia. Nilijiona mjanja kweli kweli, naendesha ramli yangu mwenyewe. Lakini mfumu alikuwa anamtazama baba, ambaye mikono yake ilikuwa imelala magotini.

"Kuna anayeogopa hapa," akasema.

Baba akamjibu mfumu, si mimi. "Akirudi kutoka huko atakakosoma, atakuwa ananitazama mimi kama anavyokutazama wewe."

Nilimhurumia mno. Kumbe siku zote alijua kwamba namwona.

"Baba," nikasema, "nakutazama hivyo tangu siku ile ya kapu. Na kila asubuhi nakuamkia shikamoo, na naisema kwa moyo."

Alinitazama. Midomo ikamcheza, akacheka, kisha akaanza kupiga makofi, polepole, kama mtu anayejifunza upya kazi hiyo. Mfumu akatangaza kwamba mizimu imeridhia.